Bayocha ya mianzi imenigeuzia chainizi njano, nimekosea wapi?

Mkulima_wa_Bondeni

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linaniumiza kichwa, wenye uzoefu naomba mnisaidie, mkitaka kucheka chekeni ila mnijibu pia.

Niko Kilolo, Iringa. Babu kaniachia ekari mbili na nusu kwenye mteremko, udongo mwekundu, umelimwa mahindi tangu sijazaliwa na saivi bila mbolea ya kupandia na ya kukuzia hata gunia nne kwa ekari huzioni. Chini kabisa kuna kijito, na kwa juu yake kidogo kuna mianzi ya ulanzi (ile pombe inayogemwa kwenye mwanzi) ya babu, vichaka kama kumi na tano, bibi bado anagema kila mvua zikianza.

Sasa mwezi uliopita nikaona video YouTube jamaa anasema ukichoma mianzi ikawa mkaa, ukausaga ukamwaga shambani, udongo uliochoka unafufuka, wanaita bayocha, na eti ukishaweka umeweka mpaka wajukuu. Nikasema mbona mianzi ninayo. Nikakata kama arobaini, mibichi kwa mikavu, nikarundika nikawasha. Aisee ilipasuka kama bunduki mpaka jirani akaja mbio na ndoo akidhani nyumba inaungua. Nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikamwagia maji, nikapata viroba viwili, nusu mkaa nusu majivu. Nikamwaga kwenye matuta mawili ya chainizi (kabichi ya Kichina, mboga ya majani) unene wa kidole hivi, nikachanganya na jembe, miche nikahamishia kesho yake.

Leo wiki ya tatu. Matuta mawili yenye bayocha majani njano, yamedumaa kama yana utapiamlo. Matuta matatu ambayo sikuweka kitu, kijani kibichi kabisa. Bibi ananiangalia tu hasemi kitu.

Naomba kujua nimekosea wapi. La pili, nilikuwa nafikiria kupanda mianzi ekari nzima kwenye ule mteremko special kwa ajili ya kuchoma bayocha, je inalipa, na nipande mianzi ipi? Nawasilisha.

kasuku_mkimya

Mkuu hiyo bayocha ni biashara ya wazungu wa hewa ya kaboni, wewe weka samadi ulale.

Mzee Samadi

Kijana, kwanza kuwasha rundo la mianzi mwezi wa nane na upepo wa huko Kilolo, ushukuru Mungu tunaongelea chainizi na hatuongelei msitu wa watu. Siku nyingine nenda kwa mwenyekiti wa kijiji upate kibali, na uchome asubuhi kabla upepo haujaamka.

Tuje kwenye swali. Kosa lako ni haraka. Mkaa ukiuangalia kwa ndani ni vitundu vitupu, vidogo vidogo visivyohesabika, ndio maana unasifiwa kwamba unashika maji na chakula cha mimea. Lakini ukitoka motoni vile vitundu havina kitu, ni vikavu, vina kiu na njaa. Ukiuingiza kwenye udongo wenye naitrojeni kidogo (kile chakula kinachofanya majani yawe kijani) kama huo wako uliochoka, cha kwanza unachofanya ni kujishibisha wenyewe, chainizi inabaki kuangalia. Hiyo njano unayoiona ni njaa ya naitrojeni. Anza kuangalia majani ya chini, kama ndiyo yalianza kugeuka basi ndiyo hiyo hiyo.

Halafu umeweka na majivu mengi. Majivu ya mianzi yana potasiamu nyingi na yanapandisha pH (kipimo cha asidi ya udongo, kikiwa chini asidi ni nyingi) haraka sana, kwa udongo wenye asidi kidogo ni dawa ila unene wa kidole kwa mpigo mmoja ni kuishtua miche.

Using'oe. Chukua mkojo wa ng'ombe lita moja, changanya na maji lita kumi, mwagia kwenye shina isiguse majani, mara moja kwa wiki, wiki tatu. Kama huna ng'ombe, yurea kiduchu itakusaidia. Matuta hayo hayo msimu ujao yanaweza kuwa ndiyo mazuri kuliko yote, nimeliona hilo kwangu.

Na hao wenye video wanasimulia nusu ya hadithi. Kule Amazon, Brazili, upo udongo mweusi ambao watu wa zamani waliutengeneza kwa mamia ya miaka kabla Wareno hawajafika, na mpaka leo una rutuba. Ila ukichimba hukuti mkaa peke yake. Unakuta mifupa, mabaki ya samaki, vigae vya vyungu, taka za jikoni, kila kitu. Mkaa ulikuwa ghala tu, chakula waliingiza wenyewe.

Wewe kasuku, samadi peke yake kwenye udongo mwekundu wa mteremko mvua mbili tu imeoza na kuondoka, kila mwaka unaanza upya. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio mengi ya bayocha ya dunia nzima wakayalinganisha, nchi za joto mavuno yalipanda kwa wastani asilimia 25 hivi, nchi za baridi hawakuona ongezeko. Udongo wetu wenye asidi na uliochoka ndio unaohitaji. Mzungu kwake haimsaidii sana, kwa hiyo biashara yake usinihesabie mimi.

Mbeta_Imejaa

Hahaha mkichoma mianzi yote ya ulanzi sisi tutakunywa nini wakuu?? Tuheshimiane

Ila nikiacha utani, mdau nenda kachunguze vichaka vya bibi yako vizuri. Ule mwanzi mchanga ukishakatwa kichwa na kugemwa asubuhi na jioni msimu mzima haukui tena, unakauka pale pale umesimama. Kila kichaka cha ulanzi kina hivyo visiki vikavu vya miaka na miaka, vinabana machipukizi mapya yasipate pa kutokea. Hivyo ndivyo ungechoma. Bibi angekushukuru na mianzi ingepumua. Wewe umekata mizima ndio maana kanyamaza, wazee wa huku mwanzi wa kugema ni sawa na ng'ombe wa maziwa

Mkulima_wa_Bondeni

@Mbeta_Imejaa duh, kumbe. Nlikuwa naviona nikadhani ni ugonjwa. Na kweli zile arobaini nilizokata nyingi zilikuwa nzima, sasa naelewa kimya cha bibi.

Mzee Samadi shikamoo, asante sana. Majani ya chini ndiyo yalianza kweli. Mkojo wa ng'ombe ntaomba kwa jirani yule yule wa ndoo.

Msee_wa_Vihiga

Niaje watu wa Tanzania, mimi niko Vihiga huku magharibi ya Kenya, shamba yangu ni robo ekari tu na udongo ilikuwa imekufa kabisa, asidi imejaa. Watafiti walishafanya majaribio ya makaa kwa shamba za huku kwetu (sisi tunasema makaa, nyinyi mnasema mkaa, ni kitu moja) na zile zilikuwa zimechoka zaidi ndizo mahindi iliongezeka zaidi, zile mpya zenye zimetoka msituni juzi hazikubadilika sana. Kwa hivyo buda uko mahali pazuri.

Shida yako ni pia vile ulichoma. Rundo iko wazi hewa inaingia kila upande, ndio ukapata majivu. Chimba shimo ya mfano wa koni, juu upana mita moja na nusu, kwenda chini ikiwa nyembamba, kina kama sentimita tisini. Mianzi iwe imekauka na ni LAZIMA upasue, kila pingili ipasuke, kwa sababu hewa na unyevu ikifungiwa ndani ya pingili ikipata moto inalipuka, hiyo ndiyo bunduki yako. Rafiki yangu iliruka kipande ikachoma shati.

Anza na moto kidogo ya vijiti chini ya shimo. Ukishashika weka tabaka moja ya mianzi, ngoja. Ukiona juu yake imeanza kupata unga mweupe wa majivu, weka tabaka ingine haraka. Hivyo hivyo mpaka shimo ijae. Siri iko hapo, ule moto wa juu unakula hewa yote, ya chini inakosa oksijeni inabaki makaa, na moshi wote unachomeka kwa moto kwa hivyo hutoi moshi jirani akalalamika. Ukiona moshi mingi ujue umeweka kuni mbichi ama umeweka mingi mara moja.

Ikijaa usiende kulala kama vile ulifanya!! Hapo ndipo makaa inageuka majivu. Zima saa hiyo hiyo, mimi humwaga maji lita mia na hamsini ama zaidi, hata hiyo mkojo ya ng'ombe ukiwa nayo mwaga hapo ndani ikiwa moto inanyonya vizuri. Kama maji ni shida funika na mchanga kabisa, usiache nafasi, ufungue kesho kutwa.

Kujua kama imeiva chukua kipande ugonge, italia kama kigae. Paka kwa mkono halafu nawa na maji bila sabuni, ikitoka yote ni sawa. Ikibaki na mafuta mafuta kwa ngozi na inanuka lami haijaiva, usiweke kwa shamba. Na ukiiponda ilowe kwanza, ile vumbi si nzuri kwa kifua.

Binti_Kahe

Jamani na mimi niongeze kabla watu hawajakimbilia mashimo. Mi niko Kahe kule chini ya Moshi na udongo wetu una magadi, wengine wanaita chumvichumvi, yani pH ipo juu tayari. Niliweka mkaa na majivu kwenye nyanya kwa kuiga tu mtu wa Rungwe aliyeweka akafanikiwa, mwaka ule nyanya zilitoka majani ya juu meupe mishipa tu ndiyo kijani, zikagoma. Afisa ugani kaja akaniuliza umeweka nini, nikamwambia mkaa, akashika kichwa. Bayocha inapandisha pH, kwa mwenye asidi ni faida kwetu sisi ni kuongeza moto kwenye moto. PIMENI UDONGO kwanza. SUA Morogoro (chuo kikuu cha kilimo) wanapima, TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano Tanga wanapima, nyie wa nyanda za juu mna TARI Uyole hapo Mbeya. Mi nimejifunza kwa nyanya nusu ekari ambazo hata ng'ombe hawakuzitaka

Mzee Samadi

Binti kasema kweli tupu.

Sasa kijana tufanye hesabu kabla hujapanda hiyo ekari. Shimo la huyo ndugu yetu wa Vihiga likijaa vizuri linakupa debe ishirini na kitu, tuseme ishirini na tano, na debe la mkaa wa mianzi mkavu ni kama kilo nne. Hiyo ni kilo mia. Ukiweka kilo moja kwa mita moja ya mraba, ambacho ndicho kiwango cha kawaida kwa bustani, shimo moja limekutosha kipande cha mita kumi kwa kumi. Ekari moja ina vipande kama hivyo arobaini. Na ili upate kilo mia za mkaa unahitaji mianzi mikavu kilo mia nne hadi mia tano, maana robo tu ndiyo inabaki, yaani kwa mianzi ya ulanzi ni mia moja na zaidi kwa shimo moja. Zidisha mwenyewe mara arobaini uone kama vichaka kumi na tano vya bibi vitakutosha.

Ndio maana mimi kwenye mahindi sienezi shamba zima. Naweka kwenye shimo la kupandia tu, konzi mbili za mchanganyiko, mkaa na samadi nusu kwa nusu. Mwaka unaofuata nahamia katikati ya mistari. Bustani ya mboga ndiyo naenezea yote.

Na kulisha mkaa ni hivi: debe moja la mkaa uliopondwa saizi ya punje za mchele mpaka za mahindi, debe moja la samadi au mboji, unachanganya, unamwagia maji mpaka ukikamua mkononi linatoka tone moja mbili, unafunika na majani ya mgomba au turubai. Wiki tatu mpaka nne, ukigeuza kila wiki. Mvivu kama mimi anamwaga mkaa moja kwa moja kwenye banda la kuku na zizi la ng'ombe, wanakojolea wanakanyaga, harufu inapungua, ukisafisha banda mbolea yako iko tayari na mgongo haujauma.

Mama Miche

Mwanangu wa Kilolo, mimi niko Tukuyu natunza kitalu cha miche na mianzi ni sehemu ya kazi yangu, acha nikuambie ukweli hata kama utaniharibia soko. USIPANDE mianzi kwa ajili ya kuichoma. Mwanzi uliokomaa una kazi nyingi za kukupa hela kabla haujawa mkaa, fito, ngazi, uzio, na wewe mwenyewe uko wilaya moja na Ilula, hujui matenga ya nyanya yanasukwa na nini? Nenda pale kwa wasuka matenga uangalie chini walipokaa, mabaki ya mianzi yamejaa, yamepasuliwa tayari, yamekauka tayari, wanayatafutia pa kuyatupa. Hiyo ndiyo bayocha yako. Ongeza magunzi ya mahindi yako mwenyewe na vile visiki vya bibi. Mianzi ni ya kushika mteremko, kuuza, na kugema, halafu makombo ndiyo yaende shimoni.

Kupanda kwenye mteremko panda, ni jambo jema, mizizi yake inashika udongo kama wavu. Ila sio ekari nzima kwa mkupuo na sio bega kwa bega na mahindi, mianzi inakunywa maji na inatupa kivuli, acha mita tano sita kutoka kwenye mazao. Na kule kwenye kijito kumbuka sheria ya mazingira ya 2004, mita 60 kutoka kwenye maji hapalimwi, kwa hiyo shimo lako la kuchomea na bustani visogee juu, na kabla ya kupanda chochote huko ongea na serikali ya kijiji.

Aina. Huo wa ulanzi mlionao, kitaalamu Oxytenanthera, kwa Iringa sioni sababu ya kuuacha, unavumilia ukame na shina lake limejaa nyama halina uwazi mkubwa, mkaa wake mzito. Ule wa kawaida mkubwa, wa kijani au wa njano wenye mistari, unashika upesi sana kwa vipande ila una wanga mwingi, ukiukata vipekecha wanautoboa ukageuka unga. Yale majitu makubwa ya Asia, Dendrocalamus, yanataka maji na subira. Mbegu usihangaike kutafuta, mianzi inakaa miaka mingi sana bila kutoa maua na mingi ikishatoa kichaka kizima kinakufa.

Njia ya uhakika ni kuchimba mwanzi wa mwaka mmoja au miwili pamoja na kipande cha mzizi wake mnene wa chini, unakata shina ubakize mafundo matatu manne, unapanda mvua za kwanza. Ni kazi nzito, sululu na jasho. Njia nyepesi ni vipande vya shina vyenye mafundo mawili au matatu, unalaza kwenye kitalu, unafunika udongo kidogo, unamwagilia, ila kwa huu wa ulanzi vingi vinakufa, usishangae. Nafasi mita tano kwa tano, ekari inaingia kama 160. Miaka miwili ya kwanza utaona vijiti vyembamba utasema nimetapeliwa, kumbe mwanzi haunenepi, unatoka ardhini na unene wake wa mwisho na kila mwaka wanaozaliwa ni wanene kuliko kaka zao. Kuvuna ni kuanzia mwaka wa nne hivi, unakata wale waliotimiza miaka mitatu tu, juu ya fundo la kwanza, kiangazi, na wakati machipukizi yanatoka usiingie kichakani na panga.

kasuku_mkimya

Sawa nimesoma yote. Huko Ilula hayo makombo wanagawa bure au ndo tukifika bei inapanda?

Mama Miche

Ukienda na gari inapanda. Nenda na toroli.

Mkulima_wa_Bondeni

Wakuu nimerudi, imepita miezi saba, niliahidi moyoni kwamba ntaleta majibu.

Chainizi zilipona, wiki mbili baada ya kuanza mkojo wa ng'ombe majani mapya yakatoka kijani, ingawa hazikuwahi kuzifikia zile za matuta mengine. Nilikula mwenyewe, sokoni zisingeuzika. Ila hayo matuta mawili nimepanda tena mboga na saivi ndiyo yanakaa na unyevu siku moja zaidi kuliko mengine baada ya kumwagilia, hilo nimelipima kwa kidole sio kwa maneno.

Udongo nilipeleka kupimwa, pH 5.1, kwa hiyo dada wa Kahe mimi niko upande wa pili wako. Shimo la koni nimechoma mara nne, mara mbili kwa visiki vikavu vya bibi na mara mbili kwa mabaki ya matenga (toroli, kama nilivyoelekezwa, sikulipa kitu zaidi ya soda). Hakuna bunduki tena. Mahindi nimeweka konzi mbili mbili kwa mistari kumi, na mistari kumi pembeni nimeweka mbolea ile ile bila mkaa, nalinganisha. Kwa macho ya bayocha shina ni nene kidogo na ilipokuja wiki mbili za jua mwezi wa pili hayakujikunja mapema kama mengine. Gunia ngapi sijui, sijavuna.

Bibi tumepatana. Vichaka nilivyosafisha vimetoa machipukizi mengi, amegema mpaka amechoka, na bila kuniambia akawa anachota mkaa wangu anamwaga kwenye banda la kuku, nimekuja kugundua kiroba kimepungua. Juzi ameniuliza lini nachoma tena.

Mama Miche sasa swali ni lako. Desemba nililaza vipande thelathini kitaluni. Kumi na moja vimekauka kabisa. Vilivyobaki vimetoa majani mazuri ila sioni chipukizi lolote kutoka ardhini. Nifukue kimoja niangalie kama kina mizizi?

Mama Miche

Usifukue!! Majani yanatoka kwa akiba iliyomo kwenye shina, mizizi inakuja baadaye, ukifukua unaikata ile nywele moja iliyoanza. Shika kipande uvute kidogo sana kwa vidole viwili, kikikataa kimeshika. Kisichokataa kirudishie udongo, funika na nyasi, endelea kumwagilia mpaka mwezi wa sita ndipo unipigie kelele.

Mkulima_wa_Bondeni

Nimevuta. Kumi na mbili vimekataa.